Mbunge wa Kijijini Atoe Hesabu Gani? Tafakari Kutoka Mkange na Jimbo la Chalinze



Juni 27, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alilihutubia Bunge la 12 mjini Dodoma na kuhitimisha shughuli zake. Wabunge walirudi majimboni, na nchi ikajiandaa kwa Uchaguzi Mkuu wa Oktoba mwaka huo. Muda mfupi kabla ya hapo, baada ya Misa Takatifu katika kigango kimoja upande wa Mkange, mama mmoja alibaki nyuma wakati wenzake wakikunja mikeka. Akaniuliza: “Padre, magari yameanza kupita tena. Mwaka huu tuwaombe nini?”

Sikuwa na jibu la haraka. Njiani kurudi, neno lililonisumbua lilikuwa hilo moja: tuwaombe. Mama huyu hakuuliza wamdai nini mbunge, wala wamhoji nini. Aliuliza wamwombe nini, kama mtu aombaye msaada kwa tajiri. Makala haya ni jaribio la kumjibu, kwa kuitazama historia ya kiti cha ubunge ambacho kura yake inakihusu.

Niseme mapema kwamba Sheria za Kanisa, katika kanuni ya 285 na ya 287, zinatukataza sisi mapadre kushika madaraka ya kiserikali na kujihusisha kwa vitendo na vyama vya siasa. Simpigii debe mtu yeyote wala simkatazi mtu kumchagua yeyote. Lakini kumfundisha mwamini namna ya kupima uongozi ni sehemu ya utume wetu. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et spes, namba 75, unawasifu wanaojitoa kwa ajili ya utumishi wa umma na kuwataka raia wote wakumbuke haki na wajibu wao wa kupiga kura kwa ajili ya mafao ya wengi.

Kiti kimoja, wabunge wanne

Kata ya Mkange imo katika jimbo la uchaguzi la Chalinze. Ni jimbo pana. Linaanzia Vigwaza na Chalinze kwenye barabara kuu, linapita Msoga, Lugoba, Msata, Mandera na Mbwewe, kisha linashuka kupitia Kiwangwa na Miono kuelekea pwani ya Saadani. Sisi wa jimbo changa la Kanisa la Bagamoyo, lililoundwa na Hayati Baba Mtakatifu Fransisko Machi 2025, tunaijua nchi hii kwa miguu. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na baadaye wakapanda bara hadi Mandera. Wakristo hapa ni wachache kati ya ndugu zetu Waislamu, na kwa vizazi vingi tumechota maji katika visima vilevile. Hayo niyasemayo hapa si ya waamini wetu peke yao.

Mbunge wa kwanza wa Chalinze ni mtu anayejulikana dunia nzima. Jakaya Mrisho Kikwete, mzaliwa wa Msoga, aliteuliwa kuwa naibu waziri mwaka 1988, akachaguliwa mbunge wa Bagamoyo mwaka 1990, na mwaka 1995 akawa mbunge wa Chalinze. Alibaki hapo hadi mwaka 2005 alipochaguliwa kuwa Rais. Akafuata Ramadhani Maneno, kisha Said Bwanamdogo kuanzia mwaka 2010. Bwanamdogo alifariki dunia Januari 2014, na katika uchaguzi mdogo wa Aprili 6, 2014, kiti kikachukuliwa na Ridhiwani Kikwete, mwanasheria, mtoto wa Rais aliyekuwa madarakani. Amechaguliwa tena mwaka 2015 na 2020. Januari 2022 aliteuliwa kuwa Naibu Waziri wa Ardhi, mwaka 2023 akahamishiwa Utumishi, na Julai 2024 akawa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Waziri Mkuu, aliyeshughulikia kazi, vijana, ajira na watu wenye ulemavu.

Kwa hiyo, katika miaka 30 ya jimbo hili, zaidi ya 20 imekuwa ya watu wawili, baba na mwana. Wote wawili waliketi kwenye meza ya Baraza la Mawaziri wakiwa na kiti hiki, na mmoja akafika Ikulu. Ni kazi za kisiasa zenye mafanikio makubwa. Swali la mama wa Mkange ni jingine: mafanikio ya mbunge yanakuwaje mafanikio ya mpiga kura wake?

Barabara ya nani?

Tuchukue mfano unaoonekana kwa macho. Kwa miaka mingi mtu wa Mkange aliyetaka kwenda Pangani au Tanga kwa njia ya pwani alitegemea barabara ya udongo, ambayo masika iliifunga. Sasa barabara ya Bagamoyo–Makurunge–Saadani–Pangani–Tanga, yenye urefu wa kilomita 256, inajengwa kwa lami, pamoja na daraja la mto Pangani lenye urefu wa mita 525. Jina la Mkange limeingia katika mikataba: kipande cha Mkange–Mkwaja–Tungamaa kina zaidi ya kilomita 90.

Katika mikutano utasikia kwamba barabara hii “imeletwa” na fulani. Ukweli ni mpana zaidi. Barabara hii ni sehemu ya ushoroba wa pwani ya Afrika Mashariki unaoiunganisha Bagamoyo na Malindi, Kenya. Desemba 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo kwa ajili ya awamu ya kwanza katika nchi zote mbili. Mkopo utalipwa na Watanzania wote, akiwemo mama wa Mkange kila anaponunua sukari na sabuni. Mbunge anaweza kuwa alisukuma, aliuliza, alifuatilia, na kwa hayo anastahili shukrani. Lakini hakuna mbunge anayejenga barabara kutoka mfukoni mwake. Anayesema hivyo anamnyang'anya mwananchi sifa ya kodi yake mwenyewe.

Mfano wa pili ni maji. Mradi wa maji wa Chalinze, unaochota mto Wami, ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukaenda kwa awamu, na mwaka 2019 mamlaka yake ikaunganishwa na DAWASA. Wabunge wote wanne wa jimbo hili wameahidi, wamesukuma au wamelalamikia maji hayo. Mradi uliodumu kupitia wabunge wanne hauwezi kuwa sifa ya mmoja wao, wala lawama ya mmoja. Unatufundisha kwamba mambo makubwa ya vijijini hukamilishwa na taasisi zinazofuatiliwa bila kuchoka, mwaka hadi mwaka.

Kazi aliyotumwa

Basi mbunge ametumwa kufanya nini? Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 63, inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Kila mbunge anaweza kumwuliza waziri yeyote swali kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Bunge linajadili bajeti, linatunga sheria, linapokea taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Zaidi ya hayo, mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri yake. Pale ndipo fedha ya zahanati na ya shule inapopangwa.

Kazi hizi hazina ngoma wala picha, lakini ndizo zinazogusa maisha. Tuone mambo mawili ya Mkange na vijiji jirani vya Matipwili, Gongo na Saadani.

La kwanza ni ardhi na wanyamapori. Mwaka 2005 Hifadhi ya Taifa ya Saadani ilianzishwa rasmi, ikiwa na ukubwa wa takribani kilomita za mraba 1,100, hifadhi pekee nchini inayokutana na Bahari ya Hindi. Ni fahari ya taifa. Lakini jirani wa hifadhi ana usiku mrefu: tembo hawasomi ramani, na shamba la mahindi la msimu mzima linaweza kwisha kabla ya alfajiri. Serikali ina utaratibu wa malipo, unaoitwa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa anayejeruhiwa au kuuawa. Viwango vyake vimewekwa kwa kanuni. Diwani hawezi kubadilisha kanuni hiyo, wala mwenyekiti wa kijiji, wala padre. Anayeweza kumbana waziri juu ya viwango na ucheleweshaji wake ni mbunge. Vilevile mgogoro wa mpaka kati ya hifadhi na wananchi wa kitongoji cha Uvinje, uliodumu kwa miaka mingi, ni jambo linalohitaji mtu wa kulisimamia mezani hadi mwisho, kwa haki ya pande zote.

La pili ni sheria yenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, iliupa mkutano mkuu wa kijiji sauti juu ya ardhi yake, na ikampa mwanamke haki sawa ya kuimiliki. Mjane wa Gongo anayebaki shambani kwake leo baada ya mazishi ya mumewe analindwa na kura zilizopigwa bungeni mwaka 1999. Hakuna kanga iliyowahi kugawiwa katika kampeni yenye thamani ya kura hizo.

Ubunge wa zawadi

Hata hivyo, tukiri ukweli: sisi wenyewe tumewageuza wabunge kuwa wafadhili. Msiba ukitokea, tunampigia mbunge. Harambee ya kigango, ya msikiti, ya timu ya mpira, ni mbunge. Na sisi mapadre hatuko nje ya kosa hili, maana tumewahi kuandika barua za mwaliko tukijua tunachokitafuta si uwepo wa mgeni bali bahasha yake. Mbunge anayeitika mialiko yote hiyo lazima fedha aipate mahali. Na aliyeitumia atataka irudi.

Nchi yetu imepambana na jambo hili. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa kuruhusu kile kilichoitwa takrima, ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Aprili 2006 Mahakama Kuu iliitangaza kuwa kinyume cha Katiba, baada ya asasi za kiraia kwenda mahakamani, kwa kuwa ilimweka mgombea maskini nyuma ya tajiri na kufungua mlango wa rushwa. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Lakini mwaka mmoja kabla, Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo, ambayo kamati yake inaongozwa na mbunge mwenyewe. Hapo msimamizi wa matumizi akapewa naye fungu la kutumia. Wenzetu wa Kenya, walioanza na mfuko wa aina hiyo mwaka 2003, walifikisha jambo hilo hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2022 iliamua kwamba sheria ya mfuko huo ya mwaka 2013 ilikiuka Katiba yao, ikiwa ni pamoja na kuvunja mgawanyo wa madaraka.

Sisemi kwamba fedha hizo hazijajenga madarasa. Zimejenga. Nasema kwamba mwananchi akizoea kumwona mbunge kama mleta mabati, husahau kumwuliza alivyopiga kura. Mafundisho Jamii ya Kanisa yanaiita kanuni auni: ngazi ya juu isiinyang'anye ngazi ya chini kazi yake. Bati la zahanati ni kazi ya kijiji na halmashauri. Mbunge akiifanya yeye, ile kazi ambayo ni yeye tu awezaye kuifanya inabaki bila mtu.

Mbunge akiwa waziri

Katika nchi yetu mawaziri hutoka miongoni mwa wabunge. Chalinze inalijua jambo hili kuliko majimbo mengi. Jakaya Kikwete alikuwa waziri muda wote alipoiwakilisha: kwa miaka 10 mfululizo alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, kazi ya ndege na mikutano ya mbali. Mbunge wa sasa amekuwa serikalini tangu 2022.

Faida ipo. Waziri anasikilizwa, anawafahamu wenye kukata maamuzi, na jina la jimbo linajulikana. Lakini kuna gharama ambayo haizungumzwi. Waziri anafungwa na uwajibikaji wa pamoja. Haulizi maswali bungeni, bali anayajibu. Hawezi kusimama kumbana mwenzake wa maliasili juu ya tembo wa Saadani mbele ya taifa. Anaweza kuongea naye ofisini, na pengine kupata zaidi kwa njia hiyo, lakini mpiga kura hataona wala kuandika popote kilichosemwa. Jimbo linapata mtu ndani ya Serikali na linapoteza sauti ya kuisimamia Serikali. Si kosa la mtu. Ni umbile la mfumo wetu, na ni haki ya mwananchi kumwuliza mgombea ambaye tayari ni waziri, au anayetazamia kuwa waziri: nani atatusemea pale utakapokuwa huwezi kusema?

Mtoto wa kiongozi

Mwaka 2014 wengi walijadili suala la nasaba. Wiki chache kabla ya uchaguzi wa Chalinze, jimbo la Kalenga mkoani Iringa nalo lilimchagua Godfrey Mgimwa kuchukua nafasi ya baba yake, Dkt. William Mgimwa, aliyefariki akiwa Waziri wa Fedha. Na hapa mkoani Pwani, Dkt. Hussein Mwinyi, mtoto wa Rais wa awamu ya pili, alianza safari yake ya ubunge Mkuranga mwaka 2000. Leo ni Rais wa Zanzibar.

Maandiko Matakatifu hayatupi kanuni rahisi hapa. Yanatusimulia juu ya wana walioiacha njia ya baba zao na wana walioipita. Kuzaliwa katika nyumba ya kiongozi si kosa, na si sifa. Mtoto wa kiongozi apimwe kama mtoto wa mvuvi wa Saadani, wala zaidi wala pungufu. Lakini haki hiyo ina upande wa pili: mtoto wa mvuvi naye awe na njia ya kufika. Jimbo ambalo tangu 1995 halijawahi kumpeleka bungeni mtu wa chama kingine, mashindano yake ya kweli hufanyika ndani ya chama, kabla mama wa Mkange hajapewa karatasi ya kura. Kama mlango huo ni mwembamba au unafunguliwa kwa fedha, nasaba itaonekana kuwa ndiyo ufunguo hata pale ambapo aliyepita ana uwezo wake halali.

Wazee wa Pwani wanakumbuka kwamba kura ya kijijini iliwahi kuwa na meno. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, nchi ikiwa na chama kimoja, kila jimbo lililoshindaniwa lilipewa wagombea wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa nyumba. Wananchi waliwaangusha hata mawaziri. Katika Rufiji, Bibi Titi Mohamed, mmoja wa majina makubwa kabisa ya harakati za uhuru, alipoteza kiti chake. Tunaweza kuuonea huruma uamuzi ule kwa yote aliyolitendea taifa. Lakini wakulima wa Rufiji walionesha kwamba ukubwa wa jina hauwi hati miliki ya kiti.

Hesabu ya Samweli

Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 12, kuna mzee anayemaliza uongozi wake. Samweli anasimama mbele ya taifa zima na kuomba ashtakiwe: alichukua ng'ombe wa nani, au punda wa nani? Alimdhulumu nani? Alipokea rushwa mkononi mwa nani ili afumbe macho? Watu wanajibu kwamba hakufanya hata moja. Tukumbuke pia kwamba wanawe mwenyewe hawakusifiwa hivyo, na Biblia haikulificha hilo. Samweli hakuhesabu alivyogawa. Alihesabu mikono yake ilivyobaki safi, kisha akawakumbusha watu wajibu wao.

Juni 21, 2025, katika Jubilei ya Watawala, Baba Mtakatifu Leo XIV aliwaambia wabunge kutoka nchi mbalimbali kwamba siasa ni namna ya juu ya upendo, na akawaonesha mfano wa Mtakatifu Thomas More, ambaye Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza msimamizi wa viongozi wa serikali na wanasiasa mwaka 2000. More alikuwa mbunge na waziri wa mfalme. Mfalme alipotaka dhamiri yake, alimnyima hiyo, akalipa kwa kichwa chake. Na hapa kwetu, Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, alipoteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, alijiuzulu baada ya miezi michache alipoona kukaa pale hakuwasaidii waliomtegemea. Kiti kwa wawili hawa kilikuwa chombo, na chombo kisipofaa huwekwa chini.

Kwa hiyo, mama yangu wa Mkange, nikirudi kigangoni mwezi ujao nitakujibu hivi. Usiombe. Uliza. Mgombea aliyewahi kuwa mbunge mwulize: uliuliza maswali gani kuhusu sisi, na ulijibiwa nini? Ulipiga kura vipi katika sheria zilizogusa ardhi yetu? Fedha ya mfuko wa jimbo ilikwenda wapi, na orodha yake ibandikwe wapi tuisome? Umekaa vikao vingapi vya halmashauri? Mgombea mpya mwulize atafanya nini juu ya kifuta jasho, na asikujibu kwa kukuahidi bati. Akikupa kanga, una uhuru wa kuikataa. Na kama watoto wako wanahitaji nguo na umeipokea, jua kwamba hujauza chochote, maana kura yako ni siri kati yako na Mungu.

Najua kumwuliza mtu mkubwa mbele ya umati si jambo dogo kwa mwanamke wa kijijini ambaye mwenyekiti wa kitongoji anamfahamu kwa jina. Ndiyo maana msiende mmoja mmoja. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinakutana kila wiki. Kaeni na majirani zenu Waislamu, andikeni maswali matano kwa mwandiko mmoja, mchagueni wa kuyasoma, na majibu myaandike katika daftari lenye tarehe. Mwaka 2030, yeyote atakayerudi kuomba, daftari lifunguliwe mezani.

Mtakatifu Thomas More, utuombee.